Kula kwa Salongo

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mtayarishaji wa filamu, hunitazama juu mpaka chini wakitafuta dalili za fahari. Nawavunja moyo mapema. Katika Zaire ya wakati ule, mtayarishaji wa filamu za misaada alikuwa mtu wa kutafuta mafuta ya gari. Alitafuta pia ruhusa, betri, mchele wa wafanyakazi na pantoni iliyo nzima, na mvua ikinyesha siku ya kupiga picha yeye ndiye aliyelaumiwa. Daktari alikuwa na koti lake jeupe, mpiga picha alikuwa na kamera yake, na mimi nilikuwa na mdomo. Kwa mdomo huo nilifanya kazi miaka mingi. Mpaka leo nikikumbuka baadhi ya mambo yake natamani kumpigia mtu kelele, lakini wengi ninaotaka kuwapigia kelele wamekwisha kufa, tena wamekufa na vyeo vyao.

Nilizaliwa Kindu, binti wa mfanyakazi wa reli aliyehamishwa kutoka Kasai. Nyumbani tulisema lugha ya baba, nje tulisema Kiswahili, shuleni Kifaransa, na nilipokwenda kufanya kazi mji mkuu nikaongezewa Kilingala bila kuulizwa. Shirika lililoniajiri lilikuwa la kigeni, la kusaidia wagonjwa, na liliniajiri nipige taipu. Kisha mtayarishaji wao wa filamu, Mzungu mmoja mwenye haya, akachoshwa na nchi akapanda ndege bila kuaga. Wakaulizana ni nani pale ofisini anajua mafuta yanapatikana wapi. Wote wakanigeukia mimi.

Tulitengeneza filamu fupi za kufundisha. Tulikuwa na ya surua, ya maji ya kuchemsha, ya mama mjamzito kwenda kwa mkunga mapema. Tulizionyesha vijijini kwa projekta na jenereta, shuka jeupe likiwa limetundikwa ukutani. Niliipenda kazi hiyo, na nasema hivyo mapema kwa sababu kuanzia hapa nitalalamika tu, na mtu asije akafikiri kwamba niliichukia. Niliwachukia waliokuwa wakisimama mbele yake.

Filamu ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya ukoma. Ilikuwa miaka ile ambayo majina ya ubatizo yamepigwa marufuku, tai shingoni imepigwa marufuku, na kila mtu anaitwa citoyen, mwananchi, hata mwizi anapokamatwa. Chama kilikuwa kimoja, na mtoto alikuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Jumamosi kulikuwa na salongo, yaani kazi ya bure kwa taifa: mnaitwa kwa filimbi, mnafyeka majani kando ya barabara huku mnaimba, na asiyetokea anajua atalala wapi. Naeleza haya kwa ajili ya vijana, maana siku hizi nasikia wanaambiwa kwamba wakati ule kulikuwa na utaratibu.

Nikarudi Kindu na mpiga picha mmoja tu, kijana wa mji mkuu, mpole, ambaye alikuwa pia dereva na mwonyeshaji wa sinema, kwa sababu shirika halikuwa na uwezo wa kuleta watu watatu. Tukaenda kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma nje ya mji, na huko tukakutana na mtu aliyekuwa sababu ya kila kitu kilichofuata.

Zamani alikuwa mchimbaji wa madini huko Kampene. Mabaka yalipomtokea mwilini, wakwe zake walikuja wakamchukua binti yao, wakarudi naye kijijini kwao kwenye njia hiyohiyo ya Kampene, na yeye akaletwa kambini. Alimeza dawa kwa miaka. Ugonjwa ulikuwa umemla vidole kadhaa, na vilivyobaki vilikuwa vimejikunja, lakini ukoma wenyewe ulikuwa umekwisha mwilini. Hakuwa na cha kumwambukiza mtu yeyote. Daktari alimwandikia cheti cha kupona. Akatembea nacho mpaka kwa wakwe zake. Baba mkwe akakisoma akiwa amesimama mbali, akakirudisha kwa kukiweka chini, akasema wamefurahi kusikia habari hiyo na sasa arudi alikotoka. Mke hakutoka ndani. Hakuwa ameolewa na mwingine, hilo mumewe alilijua, na ndilo lililomnyima usingizi.

"Mama," aliniuliza, "ile sinema yenu itafika kwa wakwe zangu?"

Nikamwambia kijiji chao ndicho kitakachokuwa cha kwanza kuiona, na kwamba yeye mwenyewe tutamchukua ndani ya gari letu.

"Basi unipige picha vile unataka. Hata nikilala, piga."

Nilikuwa na wazo, na bado naamini lilikuwa wazo zuri. Mabango yetu yote yalisema ukoma unatibika, na watu waliyasoma na kutikisa kichwa kwa adabu na kuendelea kuwakimbia waliopona. Maneno hayakuwa na nguvu. Lakini Kindu ni mji wa Waislamu wa zamani, wajukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, na kwao watu hula katika sinia moja, kila mtu na mkono wake, wali uleule. Nilitaka kumwonyesha mtu wetu akila katika sinia moja na watu wazima wenye akili zao, wasioogopa. Mkono wenye vidole viwili na mkono wenye vidole vitano ndani ya wali mmoja. Pasiwe na daktari wala hotuba.

Huko Mikelenge, mtaa wa Kindu, kulikuwa na mama mzee, mjane, aliyekuwa jirani yetu nilipokuwa mdogo, na ambaye alikuwa amenichapa mara nyingi kuliko mama yangu. Nilimweleza habari yote, nikitegemea nitambembeleza siku nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza swali moja tu.

"Anakula pilipili?"

"Anakula."

"Basi mumulete. Nitapika kuku."

Akawaita na majirani zake watatu, wanawake wa umri wake, waje wale. Hawakulazimishwa na mtu. Naapa. Kama kuna jambo moja ambalo ningetaka lieleweke katika maisha yangu ya kazi, ni kwamba wale akina mama wa Mikelenge walikula na mtu yule kwa hiari yao, na wakaomba ukoko.

Sasa, kamera haikuweza kutoka nje ya begi Kindu bila ruhusa ya Komisere. Alikuwa mkubwa wa Serikali na pia mkubwa wa Chama, maana vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Nilikwenda ofisini kwake, nikaketi kwenye benchi mpaka sketi yangu ikashika alama za mbao. Alinipokea vizuri, suti yake ya kola fupi imenyooshwa, beji yenye uso wa Rais kifuani.

"Citoyenne," akasema, "katika mji huu, nani anaongoza vita ya kupiga ukoma?"

Nilitaka kusema: vidonge. Nikasema: "Chama, Citoyen Komisere."

"Basi Chama kitaonekana pa nafasi gani ndani ya sinema?"

Nikamwambia ataonekana mwanzoni, peke yake, mezani kwake, na bendera nyuma, picha nzuri sana ya heshima. Akacheka kama mtu aliyezoea kudanganywa na wanawake wenye haraka. Akasema picha za meza anazo nyingi. Yeye atakuja kwenye chakula.

Siku ya kupiga picha alikuja na kikundi kizima cha wacheza ngoma za Chama, wamevaa vitenge vyenye uso wa Rais, mbele na nyuma. Ua wa mama mzee ulijaa. Wakaimba kumsifu Kiongozi, wakaruka, wakatifua vumbi lote, na wali ulikuwa umekwisha kupakuliwa. Mama mzee akaufunika kwa kanga yake akiwatolea macho. Mpiga picha aliinama kwenye kamera akawapiga wimbo mzima, kwa bidii, huku akizunguka zunguka. Nilikuwa karibu kumrukia, kwa sababu filamu tuliyokuwa nayo ilikuwa kidogo sana. Akaninong'oneza kwamba kamera ilikuwa tupu. Ilikuwa desturi yake na desturi ya wapiga picha wote wa nchi: wakubwa wakitaka ngoma zao zipigwe, unazungusha kamera isiyo na filamu, wanafurahi, wanaondoka. Nikampenda sana kijana yule kwa dakika hiyo.

Lakini Komisere hakuondoka. Tulipoweka filamu ya kweli na watu kukaa mkekani, yeye akasimama nyuma ya sinia, mikono nyuma, kifua mbele. Nikamwomba asogee kidogo kwa sababu ya kivuli. Akasogea upande wa pili, ambako alionekana vizuri zaidi. Mpiga picha akasogeza kamera karibu ili tuone mikono na wali peke yake. Komisere si mjinga. Akaiona kamera inashuka, naye akashuka nayo. Akachuchumaa, akanyoosha kidole chake juu ya sinia, akaelekeza wali.

"Kuleni!" akasema. "Chama kinasema hakuna hatari. Kuleni!"

Wakala. Walikuwa wanaanza kula hata hivyo. Kidole hakikuondoka juu ya sinia mpaka filamu ikaisha ndani ya kamera, na hatukuwa na nyingine.

Nilirudi kwenye gari nikafunga vioo nikapiga usukani kwa ngumi. Mpiga picha akaniambia kwamba nje ya nchi, watakapounganisha vipande, watamkata. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Filamu zetu zilisafishwa Ulaya. Ulituma kopo la filamu, ukangoja, na miezi ikapita kabla ya kuona ulichopiga. Katika miezi ile mtu wetu alinitumia salamu kwa kila mtu aliyesafiri kutoka Kindu kuja mji mkuu. Salamu zilikuwa zilezile: je, sinema imefika? Nikawa najificha nikiona mtu wa Kindu anakuja mlangoni.

Ilipofika, kidole kilikuwapo. Aliyeunganisha vipande alinieleza kwamba kila mahali mkono wa mgonjwa unapoingia kwenye wali, kidole kipo juu yake. Ukikata kidole, unakata na kula. Mkubwa wetu wa ng'ambo aliiona akafurahi, akasema inapendeza kuona viongozi wa nchi wakishiriki kwa karibu hivyo. Na wale wa mji mkuu waliokuwa wakipiga muhuri kila filamu kabla ya kuonyeshwa, ambao niliwaendea nikiwa na tumaini la mwisho, walisema kidole ndiyo sehemu bora kuliko zote. Wakataka tuongeze uso wa Rais mwanzoni, ukitokea mawinguni. Tukauongeza.

Basi nikarudi Kindu na filamu hiyo, na hasira yangu, na uso wa Rais ukitokea mawinguni. Mtu wetu alikuwa tayari tangu asubuhi, amevaa shati jipya aliloshonewa na wagonjwa wenzake. Alikaa kiti cha nyuma kati ya jenereta na shuka, magoti yamefungana, kama mtu anayekwenda kuposa. Ili kwenda njia ya Kampene ni lazima uvuke mto mpaka Alunguli, na pantoni ilikuwa haina mafuta. Nikatoa mafuta yetu. Kisha ikawa na mafuta lakini haina nahodha, kwa sababu nahodha ameitwa salongo. Nikaenda kumtoa salongo. Msimamizi akaniuliza kama ninajua kwamba ninazuia maendeleo ya taifa. Nikamjibu jambo ambalo sitaliandika. Tulivuka jua likiwa limekaa utosini, na njia ya upande wa pili ilikuwa tope tupu, tukasukuma gari mara kwa mara, na mtu wetu alishuka kusukuma pia, nikamkataza kwa sababu ya shati.

Njiani aliniuliza mara moja tu kama watu wanaonekana vizuri ndani ya sinema, kama mtu anaweza kumtambua mwenzake. Nikasema wanaonekana vizuri kabisa. Sikumwambia habari ya kidole. Angejua nini cha kufanya nayo? Alikuwepo wakati kinanyooshwa, na labda hakukiona. Alikuwa na mengine ya kutazama.

Kijiji kilitupokea vizuri, kwa sababu sinema ni sinema. Jua lilipozama tukatundika shuka kwenye ukuta wa nyumba ya chifu. Watu wakaketi chini, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mtu wetu hakuthubutu kukaa katikati yao, akakaa kwenye ngazi ya gari. Chifu alinionyesha baba mkwe, mzee mwenye koti zito, na upande wa wanawake akanionyesha mke. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kitenge mpaka kwapani. Hakugeuka kutazama gari hata kidogo.

Uso ukatokea mawinguni. Watu wakapiga makofi, upesi, makofi ya watu waliofundishwa wakati wa kupiga na wakati wa kuacha. Kisha wakamwona yeye, mkubwa ukutani, anatembea kambini, analima, anacheka. Minong'ono ikapita: njo yeye, ndiye, njo yeye kabisa. Nikasikia sauti zao zinalegea. Nilishika mkono wa mpiga picha nikamwambia inaingia, inawaingia. Kisha sinia likatokea, na mkono wake ukaelekea kwenye wali, na juu yake kikashuka kile kidole cha Komisere, kikubwa, kinene, kikajaza shuka lote.

Halafu mtu mmoja upande wa wanaume akasema bila ubaya wowote, kama anayemweleza mwenzake habari ya mvua: "Aa. Ile njo kula ya salongo."

Wakacheka. Walicheka kwa huruma, nadhani, wakiwahurumia wale akina mama wa Mikelenge ambao Serikali iliwaamuru kula na mkoma. Mwanamke mmoja akasema masikini bibi wa watu, wazee hivi. Nikazima projekta kabla haijaisha nikasimama mbele ya taa. Nikawaambia si kweli, akina mama wale wa Mikelenge ni jirani zangu, walikubali wenyewe, mkubwa yule alijialika tu. Nilisema kwa ukali, na kadiri nilivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kuinamisha vichwa kwa adabu, maana sasa na mimi nilikuwa nimekuwa Serikali.

Baba mkwe akanijibu kwa upole. "Mama, usikasirike. Minaona mukubwa na kidole yake. Mukubwa akinionyesha majiwe na kidole, mimi nitakula majiwe. Nitasema na asante."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekula majiwe hayo miaka yote ya kazi yangu. Nikaenda kulala ndani ya gari na nguo zangu.

Asubuhi chifu alituita uani kwa baba mkwe. Alikuwa mtu mwema na alikuwa amefikiri. Mtu wetu alisimama nje ya ua, karibu na uzio, mahali pale pale aliporudishiwa cheti chake.

"Mama," chifu akaniambia, "usihangaike. Weye iko na mukanda ya kazi yenye muhuri ya Serikali?"

Mukanda kwao ni karatasi. Nikasema ninayo ya safari, yenye muhuri.

"Basi iko rahisi. Weka muhuri mbele yetu, useme njo amri. Tutamupokea. Tutakula na yeye. Leo leo." Na baba mkwe akatikisa kichwa kukubali, bila kinyongo. Amri ilikuwa kitu anachokielewa.

Nakiri kwamba mdomo wangu ulifunguka kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na tope mpaka magotini, na niliona tunaweza kumaliza kabla ya jua kuwa kali. Lakini kutoka kwenye uzio yule mtu akasema, "Hapana."

Chifu akamwuliza hapana nini.

"Sitaki amri. Watakula na mimi, na mama akienda na muhuri yake wataacha. Kambini tulikula kwa kengele. Nilikula kwa kengele miaka yote." Sauti yake haikuwa ya hasira. "Kama hawataki, nitarudi. Mama, twende."

Hapo nilikasirika na kila mtu, pamoja na yeye. Nilimkasirikia Komisere na kidole chake, mkubwa wetu wa ng'ambo na furaha yake, baba mkwe na adabu yake, na huyu mtu mmoja katika Zaire nzima ambaye alichagua siku ile kukataa amri. Nikamwambia mpiga picha awashe gari.

Mwanamke akatoka jikoni. Alikuwa na mwiko mkononi, unachuruzika sombe, yaani kisamvu. Hakunitazama mimi wala chifu. Alikwenda mpaka katikati ya ua akasimama, akasema na mtu wa kwenye uzio maneno yake ya kwanza tangu walipotengana.

"Ile bibi ya Mikelenge njo nani kwako?"

"Nani?" akauliza.

"Ile muzee ya kanga nyekundu. Ulimupa firigisi."

Sikuelewa. Filamu ile nilikuwa nimeitazama mpaka nimechoka nayo, Ulaya walikuwa wameitazama, wapiga muhuri walikuwa wameitazama. Hakuna aliyeona firigisi. Sote tulikuwa tunatazama kidole.

"Nimeona na macho yangu," aliendelea, na sauti ilikuwa inapanda. "Mukubwa alionyesha wali. Firigisi ilikuwa pembeni, weye ukaichukua ukamuwekea mbele yake. Nani alikuambia? Hakuna muntu alikuambia! Nimekaa na weye miaka ngapi, kuku tulikula ngapi, siku gani ulinipa firigisi? Ulikuwa unakula yote peke yako na mimi nakuangalia. Leo unapatia bibi ya watu, mbele ya Zaire yote!"

Wanawake jikoni waliitikia wote pamoja. Baba mkwe akakohoa. Akasema hilo ni jambo lingine kabisa, hilo ni zito, hilo si la ukoma. Mwanaume akidaiwa na mke wake mbele ya wakwe ni lazima ajibu, na kesi haijibiwi kutoka kwenye uzio. "Ingia," akamwambia kwa ukali. "Ikala hapa. Ujibu."

Akaingia. Akaketi mkekani mbele ya baba mkwe, chifu upande mmoja, akaificha mikono yake chini ya mapaja.

"Niliogopa," akasema. "Ule muzee alikuwa anaangalia vidole yangu. Nikasema, huyu akisimama sasa, sinema imekufa, na mimi sitakuona tena. Nikatafuta kitu ya kumupa asisimame. Kwa ile sinia kitu mzuri ilikuwa firigisi tu."

Mpiga picha alikuwa amezima gari. Mimi nililia, na nilikasirika kwamba ninalia.

Mke wake alisimama pale akimtazama, mwiko umening'inia, sombe inadondoka kwenye mguu wake.

"Mujinga," akasema. "Firigisi njo ya bwana."

Akarudi jikoni, na tukasikia kuku akifukuzwa nyuma ya nyumba.